Sauti Nayo Hufundishwa Gwaride

Na Mwandishi Wetu, Awindiri

Mtu apitaye Awindiri jioni za katikati ya wiki, saa ambayo msongamano wa pikipiki umepungua kidogo na moshi wa majiko umeanza kupanda, hakosi kusikia kwaya ikifanya mazoezi. Kwanza husikia adungu zikilinganishwa nyuzi, ndogo kwa kubwa. Kisha husikia sauti nne, yaani soprano, alto, tena na besi, kila moja ikipewa sehemu yake na mwalimu, moja baada ya nyingine, mpaka zote zikutane. Ni jambo la kawaida hapa Arua, na wengi hupita bila kugeuza shingo.

Siku chache zilizopita mwandishi wa makala haya aligeuza shingo. Katika safu ya alto, katikati ya akina mama na mabinti, alikuwa amesimama kijana mwanamume, mrefu, mwenye mabega mapana na nywele zilizokatwa kiaskari. Alikuwa akiimba sauti ileile waliyoimba wale mabinti. Haikuwa sauti ya kitoto wala ya kuigiza mzaha. Ilikuwa imetulia mahali pake, safi, nayo ilibeba maneno mpaka barabarani.

Baada ya mazoezi ilibainika kwamba kijana huyo ni askari polisi, aliyehamishiwa huku si siku nyingi. Alisema kwa upole kwamba huenda ile ikawa wiki yake ya mwisho katika kwaya. Wenzake walikuwa wamemsikia Jumapili iliyopita, na tangu siku hiyo kule bwenini wanamwita "dada". Kisha akauliza swali ambalo bila shaka alikuwa amelibeba kwa muda mrefu: "Mzee, wewe umesoma magazeti mengi. Je, yuko mwanamume mwingine duniani anayeimba namna hii, au ni mimi tu niliyekosewa katika kuumbwa?"

Makala haya ni jibu lake. Ni jibu pia kwa wale wenzake wa bwenini.

KIJANA WA KATANGA

Yuko, na wala hakutoka mbali na lugha yetu. Anaitwa Serge Kakudji. Alizaliwa mwaka 1989 katika nchi ya Katanga, kusini kabisa mwa Congo, na maisha yake ya ujana yamefungamana na Lubumbashi, mji wa shaba. Kutoka hapa Arua hadi Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 1,500 hata kwa njia ya ndege. Lakini mfanyabiashara wa Ariwara avukaye mpaka kuja kununua bidhaa kwetu, na mchimba madini wa Lubumbashi, wakikutana watazungumza Kiswahili, kila mmoja na lafudhi yake, wakaelewana.

Askari wazee watalikumbuka jina la Katanga kwa sababu nyingine. Ndiyo nchi iliyojitenga na Congo mwaka 1960. Ndipo palipo Kamina, ile kambi kubwa ya kijeshi iliyojengwa na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili. Ndipo palipo Kolwezi, mji ulioingiwa na waasi mwezi Mei mwaka 1978, kisha wakashuka juu yake askari wa miavuli wa Kifaransa na wa Kibelgiji. Kwa hiyo watu wa kazi yetu wanaijua Katanga kwa bunduki. Ni wachache wanaoijua kwa nyimbo.

Hata hivyo nyimbo zilikuwako. Katika Kamina hiyohiyo padri mmoja Mfransisko kutoka Ubelgiji, jina lake Guido Haazen, alikusanya katika miaka ya 1950 wavulana wapatao 45 wa umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wao wapatao 15, akaunda kwaya. Kutoka kwao ilizaliwa Missa Luba, yaani misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa milio na midundo ya Congo. Mwaka 1958 kwaya hiyo ilikwenda Ulaya, ikaimba katika Maonyesho Makuu ya Dunia ya Brussels, na sahani zake za santuri zikaenea ulimwenguni. Huko Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zamani, Joseph Kiwele alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba Mwafrika aweza kucheza kinanda cha kanisa, kuandika noti, na kutunga misa kwa sauti za watu wake. Kiwele huyo ndiye pia aliyetunga wimbo wa taifa wa Katanga ilipojitenga.

Kwa hiyo Kakudji hakuzaliwa jangwani. Alizaliwa katika nchi yenye kwaya, ambamo mtoto huambiwa mapema, "Wewe simama safu hii, wewe simama safu ile." Lakini alizaliwa pia wakati mbaya. Katika miaka ya 1990 migodi ya shaba, iliyokuwa mama mlezi wa jimbo zima, ilikuwa ikianguka. Mishahara ilichelewa au haikuja kabisa. Mwezi Aprili mwaka 1997 Lubumbashi iliangukia mikononi mwa majeshi ya Laurent-Désiré Kabila, na mwaka 1998 vita vingine vikaanza. Katika hali hiyo mzazi angependa mwanawe ajifunze udereva, au biashara, au kazi yoyote itakayoleta unga nyumbani. Mtoto aliyesema kwamba anataka kuwa mwimbaji wa opera angehesabiwa kuwa ana homa.

Naye Kakudji ndivyo alivyotaka. Opera alikutana nayo akiwa mtoto, kupitia televisheni. Msomaji asiyeifahamu opera aielewe hivi: ni mchezo wa kuigiza ambao wahusika wake hawasemi, bali huimba mwanzo hadi mwisho, wakifuatana na kundi kubwa la wapiga vyombo. Na jambo la kwanza la kustaajabisha ni kwamba mwimbaji wake hatumii kipaza sauti. Sauti yake peke yake hana budi kuivusha juu ya vinanda, filimbi na ngoma, mpaka imfikie mtu aliyeketi kiti cha nyuma kabisa, tena katika ukumbi wa watu elfu na zaidi.

MAZOEZI YASIYOONEKANA

Hapa ndipo askari anapoweza kuelewa haraka kuliko raia. Raia hudhani kwamba sauti nzuri ni zawadi tu, kama urefu au weupe wa meno. Askari anajua kwamba hakuna mtu aliyezaliwa akijua gwaride. Mguu wa kila mtu hutembea, lakini mguu wa gwaride hutengenezwa, asubuhi kwa asubuhi, mpaka mwili ukumbuke wenyewe bila kuamrishwa. Sauti nayo ni hivyo hivyo.

Jambo la kwanza ambalo mwalimu wa uimbaji hufundisha si wimbo, bali pumzi. Chini ya mapafu uko msuli mpana, mfano wa kiwambo cha ngoma, unaoshuka tuvutapo hewa na kupanda tuitoapo. Mtu wa kawaida huvuta pumzi fupi ya kifuani, mabega yakapanda. Mwimbaji hufundishwa kuvuta pumzi ya chini, mbavu zikapanuka pande zote, mabega yakabaki yametulia. Kisha hufundishwa jambo lililo gumu zaidi, nalo ni kuitoa hewa hiyo kidogo kidogo, kwa kipimo, kama mtu atumiaye risasi zake kwa hesabu kwa kuwa hajui msaada utafika lini. Mwanafunzi aweza kukaa miezi mingi akirudia mlio mmoja tu, akiuanza polepole, akiukuza, akiupunguza, bila kutetemeka.

Jambo la pili ni koo. Ndani ya kikoromeo kuna nyuzi mbili za sauti, nazo ni ndogo mno. Kwa mwanamume mzima urefu wake ni kama sentimita mbili hivi. Hewa ikipita katikati yake, hutikisika zaidi ya mara 100 katika sekunde moja kwa mtu asemaye kwa sauti nzito, na mara mamia kadhaa kwa aimbaye juu. Mvulana anapobalehe kikoromeo hukua, nyuzi hurefuka na kunenepa, na sauti ikashuka. Lakini haifungi mlango wa juu. Kila mwanamume anao uwezo wa kuziacha nyuzi hizo zinyooke na kuwa nyembamba, zikatikisika kingo zake tu, hata ikatoka sauti ya juu. Wengi huitumia sauti hiyo kwa mzaha, au kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Ni dhaifu kwa sababu haijafanyiwa kazi.

Wako wanaume wachache wanaoichukua sauti hiyo dhaifu wakaifanyia kazi miaka kumi au zaidi, mpaka ikawa na nguvu, na wepesi, na rangi yake yenyewe. Ulaya mwimbaji wa namna hiyo huitwa kauntatena. Akizungumza, aghalabu husemea sauti ya kiume kama wewe na mimi. Akiimba, hupanda mpaka kwenye safu ya alto, na pengine zaidi. Hana upungufu wowote katika mwili wake. Alichonacho ni ziada aliyoifanyia kazi.

Kakudji ni kauntatena. Kabla ya kumpata mwalimu wa fani hiyo alikuwa ameifuata njia hiyo kwa sikio lake mwenyewe, akiiga na kujaribu. Baadaye alikwenda Ubelgiji kusoma. Na huko mwanafunzi wa uimbaji hafundishwi koo peke yake. Hana budi kusoma noti kama askari anavyosoma ramani. Hana budi kuimba Kiitaliano, Kijerumani, Kifaransa na Kilatini, kila neno likitamkwa sawasawa, hata kama lugha hizo hazizungumzi. Hana budi kujifunza kusimama, kutembea jukwaani, kuanguka na kufa mbele ya watu bila kupoteza pumzi. Haya yote huyafanya akiwa mgeni, katika baridi, mbali na kwao, mahali ambapo kuna vijana wengine wengi walioanza kufundishwa tangu utotoni. Watengeneza filamu wawili wa Kibelgiji, Ibbe Daniëls na Koen Vidal, waliifuata safari yake, na mwaka 2013 ilitoka filamu yao yenye jina "Rêve Kakudji", maana yake ndoto ya Kakudji.

JEMADARI ALIYEIMBA JUU

Sasa turudi kwa wale wa bwenini waliosema "dada".

Mwaka 1724 mtunzi Handel, Mjerumani aliyehamia Uingereza, alitoa katika mji wa London opera iitwayo "Giulio Cesare". Cesare huyo ni yule Julius Caesar wa Roma, jemadari ambaye habari za vita vyake bado husomwa katika vyuo vya kijeshi. Katika opera hiyo anaingia Misri baada ya kumshinda adui yake, anafanyiwa hila, anaponea chupuchupu baharini, anarudi kushinda. Je, Handel alimpa jemadari huyo sauti gani? Hakumpa besi. Alimpa sauti ya alto, ileile iliyokuwa ikiimbwa na kijana wetu pale Awindiri. Masikio ya zama zile yalisikia katika sauti ya juu ushujaa, ujana na mamlaka. Sauti nzito walipewa aghalabu wazee, wafalme wakali na watu wabaya.

Ni haki kueleza pia upande wa giza wa habari hiyo. Mwimbaji wa kwanza wa nafasi ile, Senesino, alikuwa towashi. Katika Italia ya zamani, ambako wanawake walikatazwa kuimba kanisani, wavulana wenye sauti nzuri walihasiwa kabla ya kubalehe ili sauti zao zisishuke. Wachache walipata utajiri na sifa kote Ulaya. Walio wengi waliharibiwa maisha yao bure. Dhuluma hiyo ilikwisha polepole. Towashi wa mwisho ajulikanaye, Alessandro Moreschi wa kwaya ya Papa, alirekodiwa sauti mwaka 1902 na 1904, akafariki mwaka 1922.

Baada ya hapo nafasi zile zilibaki bila watu. Kwa muda mrefu Caesar alipewa waimbaji wa sauti nzito, noti zikishushwa ili wazifikie. Ndipo akatokea Mwingereza Alfred Deller, mwanamume mrefu mwenye ndevu, mwenye mke na watoto watatu, aliyekuwa akiimba alto katika kwaya ya kanisa kuu la Canterbury. Deller alithibitisha kwamba mwanamume mzima, asiyeguswa na kisu, aweza kuifikia safu ile kwa mafunzo peke yake. Mwaka 1960 mtunzi Benjamin Britten alimwandikia nafasi ya mfalme katika opera yake mpya. Tangu wakati huo makauntatena wameongezeka, na leo hakuna jumba kubwa la opera lisilowahitaji.

Kwa hiyo anayemcheka mwanamume aimbaye alto anamcheka Caesar, ambaye hapana askari anayeweza kumwita dada.

JUKWAA LA KWANZA

Kakudji alifika mbele ya hadhira ya Ulaya akiwa na umri wa miaka 17 hivi. Ilikuwa mwaka 2006, na mji ulikuwa Vienna, ambako ilikuwa ikisherehekewa miaka 250 tangu kuzaliwa kwa Mozart. Kiongozi wa tamasha mojawapo la mwaka huo, Mmarekani Peter Sellars, hakutaka kurudia tu nyimbo za zamani. Aliwaita wasanii wa sehemu mbalimbali za dunia walete kazi mpya. Miongoni mwao alikuwa Faustin Linyekula, mchezaji na mtunzi wa ngoma za jukwaani kutoka Congo, ambaye kituo chake cha sanaa kimekaa Kisangani.

Kazi aliyoileta Linyekula iliitwa "Dinozord". Ilikuwa maombolezo ya vijana wa Kisangani, waliokuwa na ndoto nyingi kisha vita vikawapitia. Wapo waliokufa, wapo waliofungwa, wapo waliotawanyika. Wazee wa jeshi letu wanaujua mji huo na wanajua yaliyotokea huko mwaka 1999 na 2000, wala hakuna haja ya kuyarudia hapa. Muziki wa kazi hiyo ulichukua sehemu ya misa ya wafu ya Mozart, ambayo mtunzi huyo aliiacha haijakamilika alipofariki mwaka 1791. Na kijana wa Katanga alikuwamo, akiimba kwa sauti yake ya juu. Misa iliyoanzwa na Mzungu aliyekufa kabla ya kuimaliza ilikuwa sasa inawaombea marehemu wa Mto Congo.

Mwaka 2008 Kakudji aliingia katika kazi nyingine, "pitié!", ya Mbelgiji Alain Platel na mtunzi Fabrizio Cassol. Humo Mateso ya Kristo yaliyotungwa na Bach kwa Injili ya Mathayo yalitungwa upya, yakatazamwa kwa macho ya mama anayempoteza mwanawe. Kazi hiyo ilizunguka miji mingi.

Kisha, mwaka 2014, ikaja "Coup Fatal". Hii yafaa isimuliwe kwa askari kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Kakudji alisimama mbele ya kundi la wanamuziki wa Kinshasa, wakiongozwa na mpiga gitaa Rodriguez Vangama, wakapiga nyimbo za Handel, Vivaldi, Bach, Monteverdi na Gluck. Lakini hawakuzipiga kwa vinanda vya Ulaya. Walizipiga kwa likembe, kwa marimba, kwa ngoma na kwa gitaa za umeme. Likembe ni chombo tunachokijua. Kilivuka kutoka Congo kikaingia Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, nao Waacholi wanakiita lukeme. Wazee wa West Nile wamekisikia kikipigwa na watembeao usiku ili njia iwe fupi.

Nyuma ya wanamuziki hao lilining'inia pazia lililotengenezwa na mchongaji Freddy Tsimba wa Kinshasa. Kwa mbali liling'aa kama shanga za harusi. Aliyesogea aliona kwamba ni maganda ya risasi, maelfu, yaliyounganishwa moja kwa moja. Kila ganda lilikuwa limewahi kutoka katika bunduki. Sisi tunaoifanya kazi hii tunajua sauti ya ganda linapoanguka juu ya jiwe, na tunajua kwamba mwenye kulifyatua aghalabu hajui liliishia wapi. Tsimba aliyakusanya, na mbele yake mwana wa Katanga akasimama akaimba. Waliotazama huko Vienna, ambako kazi hiyo ilianza, na baadaye Avignon nchini Ufaransa, hawakuhitaji kuhubiriwa.

JE, NI MAMBO YA KIZUNGU?

Huenda msomaji akasema, "Haya yote ni mambo ya Wazungu. Yatuhusu nini?" Swali ni halali. Lakini kila mara bendera inapopandishwa, askari wa Uganda husimama wima kwa wimbo uliotungwa na George William Kakoma, Mganda aliyesomea muziki katika chuo cha Trinity, London. Wimbo huo wa mwaka 1962 ni mfupi kuliko karibu nyimbo zote za mataifa, nao umeandikwa kwa kanuni zilezile za sauti nne zinazofundishwa katika kwaya ya Awindiri. Hata bendi ya matarumbeta ya polisi, inayotutangulia siku za sherehe, husoma noti zilezile. Chombo kikishaingia mkononi mwa mtu na akakitumia kusema yake, kimekuwa chake. Ndivyo ilivyokuwa kwa likembe iliyovuka mpaka, na ndivyo ilivyo kwa opera katika kinywa cha Kakudji.

Iko pia faida iliyo karibu zaidi, nayo ni ya kazini. Ni masajini wangapi wa gwaride ambao sauti zao zimeharibika kabla ya kustaafu? Ni askari wangapi wa barabarani wanaorudi nyumbani jioni wakikwaruza? Wanapiga amri kwa koo, na koo halikuumbwa kubeba mzigo huo. Mwalimu wa uimbaji angewaambia hivi: amri itoke chini, pale kiwambo kilipo, na koo liwe njia tu ya kupitia. Kabla ya gwaride, amsha sauti polepole kwa kuvumisha midomo ikiwa imefungwa, kama uamshavyo misuli kabla ya kukimbia. Kunywa maji mara kwa mara. Tumbaku na pombe kali hukausha nyuzi za sauti na kuzichoma. Sauti ikiuma, nyamaza. Wala usinong'one kwa nguvu, kwa kuwa mnong'ono wa nguvu nao huchosha. Na sauti iliyokwaruza ikipita wiki tatu bila kupona, nenda ukamwone daktari, kwa kuwa huenda si uchovu tu.

Hayo Kakudji na wenzake huyafuata kila siku ya maisha yao. Si kwa sababu ni watu laini. Ni kwa sababu mtu mwenye silaha moja tu huitunza.

JIONI NYINGINE

Haya yote, kwa ufupi, ndiyo aliyoambiwa yule kijana polisi. Alisikiliza akiwa ameshika kofia yake mikononi. Aliuliza majina yaandikwe kwenye karatasi, Kakudji, Deller, Handel, akaikunja karatasi ile akaitia katika mfuko wa shati. Hakusema kama ataendelea au ataacha, wala haikufaa kumlazimisha. Mtu hawezi kuamrishwa kuimba.

Wiki iliyofuata mwandishi alipita tena Awindiri jioni. Adungu zilikuwa zikilinganishwa. Kijana alikuwa katika safu ya alto, mahali pake palepale. Nje, juu ya benchi lililo chini ya mwembe, alikuwa ameketi askari mwingine, mtu mzima, mwenye tepe tatu begani. Alipoulizwa kama naye amekuja kuimba, alitikisa kichwa, akajibu kwa sauti iliyokwaruza, karibu isisikike, kwamba yeye ndiye anayeongoza gwaride la asubuhi kituoni, na kwamba sauti yake imemwishia tangu Jumatatu.

"Huyu dada wetu," akasema, kisha akajisahihisha. "Huyu kijana wetu ananiambia hapa wanafundisha mtu kupumua."

Akangoja mpaka wimbo uishe, ndipo akaingia kumwona mwalimu.